Magari ya rimoti yanayouzwa yakiwa tayari kukimbia: je, yanaweza kuukuza mchezo wa ovali huku Nakuru na Magharibi?

Kona_Kushoto (Nakuru), mwanzisha uzi

Wapenzi wa magari ya rimoti, hamjambo.

Jumamosi iliyopita tulikuwa madereva watano kwenye uwanja wetu wa udongo huku Lanet, na wawili kati yetu walikuwa wakipokezana gari moja. Mwaka juzi tulikuwa tisa. Walioacha kuja hawakugombana na mtu wala hawakuuchoka mchezo. Magari yao yamewekwa juu ya kabati yakisubiri kipuri ambacho hakipatikani hapa mjini, na kila wiki inayopita inawazoesha kukaa nyumbani. Nimelitafakari jambo hili kwa siku kadhaa, nami ningependa tulijadili kwa kina: je, magari yanayouzwa yakiwa tayari kukimbia, yaani yenye mota, kidhibiti mwendo, rimoti na bodi iliyokwisha kupakwa rangi, yanaweza kutuletea madereva wapya katika ovali?

Kwa ambao hawajatuona, mbio za ovali ni mbio za kuzunguka uwanja wenye umbo la yai, kona zote zikiwa za kushoto. Mchezo huu umekomaa zaidi Marekani, ambako chama cha ROAR, kilichoanzishwa mwaka 1967, huandika kanuni za mashindano ya magari ya rimoti. Huko wapo wanaokimbia kwenye udongo, wengine kwenye zulia ndani ya ukumbi, na wengine kwenye lami. Sisi tulichagua udongo kwa kuwa ndio tulio nao. Uwanja wenyewe tuliuchora asubuhi moja kwa vigingi viwili na kamba. Tulipiga vigingi vikiwa mita 16 mbalimbali, tukafunga kamba ya mita 4 kwenye kigingi cha kwanza, mtu mmoja akazunguka nayo nusu duara akichora ardhini kwa msumari, kisha tukafanya vivyo hivyo kwenye kigingi cha pili na kuunganisha miisho kwa mistari miwili iliyonyooka. Mstari huo ndio njia inayofuatwa na gari, na urefu wake ni takriban mita 57. Tulipoongeza upana wa zaidi ya mita moja kila upande, uwanja mzima uliingia katika sehemu ya mita 27 kwa 11. Dereva akisimama kando haachi kuliona gari lake hata mara moja, na mtu aliyekuja kununua maziwa dukani anatambua nani anaongoza bila kuelezwa. Uwanja wenye vilima vya kurukia na kona za kila namna ungetudai ploti mbili na trekta.

Tatizo ni gari. Kwa miaka mingi gari halisi la ovali limekuwa la chasisi bapa, mota ikiizungusha ekseli ya nyuma moja kwa moja kwa gia mbili tu, na huuzwa likiwa vipande. Anayelinunua hununua pia mota, kidhibiti mwendo, mota ndogo ya usukani, rimoti na kipokezi chake, betri, chaja, matairi, bodi na rangi ya bodi. Katika nchi yenye duka la magari ya rimoti katika kila mji, orodha hiyo ni raha ya kuchagua. Kwetu sisi kila kipande ni kifurushi, na kila kifurushi kina nauli yake, ushuru wake, na VAT ya asilimia 16 juu yake. Nimewapa watu orodha hiyo mara nyingi. Husema watarudi mwisho wa mwezi, na sijamwona hata mmoja aliyerudi.

Ndiyo maana ninalitazama kwa makini jambo lililotokea Marekani mwaka 2008, kampuni ya Traxxas ilipotoa gari lake la Slash. Lilikuja katika sanduku moja likiwa na kila kitu, likiwa na mota ya kaboni (yaani yenye brashi za kaboni ndani), magurudumu ya nyuma yakiendesha, na umbo la malori ya mashindano ya jangwani. Watu ambao hawakuwahi kufika kwenye uwanja wa mbio walilinunua, wakagundua kwamba majirani zao wanalo lile lile, na viwanja vikaanzisha darasa, yaani kundi la mbio, la magari hayo. Baadaye watu wa ovali ya udongo wakalishusha chini, wakalivika bodi za magari ya ovali, na hadi leo darasa la magari yenye mizizi katika Slash ndilo la anayeanza katika viwanja vingi vya udongo. Siku hizi watengenezaji wengine wamefuata njia hiyo kwa magari yaliyobuniwa kwa ovali tangu mwanzo: Team Associated wana SR10, na Losi wana 22S yenye umbo la magari ya sprinti, yale ya mbio za ovali ya udongo, yote yakiuzwa yakiwa tayari.

Msimamo wangu ni kwamba magari haya yatatukuza, lakini kwa sharti moja ambalo sitalilegeza: sote tuwe na gari la aina moja, na mabadiliko yanayoruhusiwa yawe yale tu ambayo kona za kushoto zinayalazimisha. Kilichoivuta Marekani mwaka ule hakikuwa urahisi wa kulifungua sanduku peke yake. Mtu alifika uwanjani akakuta magari manane yanayofanana na lake, akashindwa, akajua kwamba aliyemshinda ni dereva wala si pochi. Mgeni akija kwetu leo na gari lolote lililo tayari, atakimbia na nani? Mimi nina chasisi bapa, jirani yangu ana lori la nje ya barabara, na wa tatu ana gari la lami linaloburuza tumbo kwenye maramu. Tukiyaweka pamoja, hayo si mashindano.

Ombi langu kwa anayechangia: tuzungumze kwa yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

Nyanza_Betri (Kisumu)

Ndugu Kona, asante kwa kulianzisha. Nitaanza na upande wa pili, kwa sababu Kisumu tulishaijaribu njia hiyo na ikatushinda.

Tulikuwa wanne. Kila mmoja alinunua gari lililo tayari, na kila mmoja alinunua aina yake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ndugu tofauti aliyekuwa akirudi kutoka nje. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya furaha isiyo kifani. Mwezi wa tatu mkono wa mbele wa gari langu ulikatika, na hakuna hata mmoja kati ya wenzangu aliyekuwa na mkono unaoweza kuingia. Huo ndio ulikuwa mwisho wangu wa kukimbia kwa wiki kumi na moja. Wa pili akaharibikiwa na gia, wa tatu akahamia Nairobi, na wa nne akawa anakimbiza gari lake peke yake kwenye maegesho siku za Jumapili. Gari lililo tayari halikutukosesha kitu katika kuingia. Tulikosa pa kusimama baada ya kuingia. Kama tungekuwa na magari manne ya aina moja, lile la aliyehama lingekuwa ghala letu la vipuri, nasi tungekuwa tunakimbia hadi leo. Kwa hiyo sharti lako ninaliunga mkono.

Hata hivyo lipo jambo moja la usafirishaji ambalo wengi hawalijui, nalo linayapa magari haya nguvu zaidi kuliko ulivyoeleza. Tangu mwaka 2016, betri za litiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa shehena katika ndege za abiria, na hata katika ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Betri iliyofungashwa pamoja na kifaa chake inahesabiwa katika kundi jingine, lenye masharti mepesi zaidi. Ndiyo sababu muuzaji anakubali kukutumia gari lenye betri ndani ya sanduku, lakini ukimwomba betri moja tu anakwambia haiwezekani. Anayejenga gari lake kwa vipande hukwama hapo hapo kwenye betri, akiwa ameshalipia kila kitu kingine.

Udongo wetu nao una habari yake. Upande wa Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi, na mvua za Machi hadi Mei zikianza, hakuna gari la aina yoyote litakalopita. Huzunguka mara mbili, kisha matairi yanakuwa mipira ya matope. Sisi tutalazimika kuleta maramu kwa lori.

Mwalimu_Njoro

Nimesoma michango yote miwili kwa utulivu, nami ninaomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi.

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na kwa mihula kadhaa nimekuwa na kikundi cha wanafunzi wanaokimbiza magari mawili ya kuunganisha kwa mkono. Magari hayo ni ya kizamani na hayana kasi. Lakini mwanafunzi aliyeifunga gia ya mota kwa mikono yake anajua sauti yake inapokaza sana na sauti yake inapolegea. Gari likisimama katikati ya uwanja, analiendea akiwa tayari na jibu. Mwaka jana mfadhili mmoja alituletea gari lililo tayari, jipya kabisa, la aina ambayo sitaitaja. Siku ya pili mota ililia kwa sauti ya juu na gari halikusonga. Wanafunzi wale wale, ambao wangelitengeneza gari la kuunganisha kwa dakika kumi, walilizunguka gari lile wakiwa na mikono mifukoni kwa sababu hawakujua lilivyoingia pamoja. Tatizo lilikuwa dogo mno: ile skrubu ndogo inayobana gia ya mota kwenye shafti ilikuwa haikukazwa kiwandani, wala haikutiwa gundi ya skrubu. Tulihitaji ufunguo mmoja wa pembe sita na tone moja la gundi.

Kwa hiyo hofu yangu ni kwamba tutapata madereva wengi na mafundi wachache, na mchezo usio na mafundi hudumu kadiri dhamana ya sanduku inavyodumu. Zaidi ya hayo, ovali ni somo zuri kuliko michezo yote ya magari haya, na somo hilo linaonekana pale mtu anapolibadilisha gari mwenyewe. Chukueni matairi ya nyuma. Kama ekseli ni moja isiyo na difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti), na tairi la kulia lina kipenyo kikubwa kidogo kuliko la kushoto, gari huelekea kushoto lenyewe, kama vile kikombe cha plastiki kilicholazwa mezani na kusukumwa kinavyozunguka kuelekea upande wake mwembamba. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa kikombe, kisha akalipima kwenye tairi kwa uzi na rula, hatalisahau. Nikimpa gari ambalo kila kitu kimeamuliwa na kanuni inamkataza kuligusa, nimempa nini?

Sisemi tuyakatae. Ninasema mgeni asiruhusiwe kukimbia kabla hajalifungua gari lake na kulifunga tena mbele ya mwenzake.

Kona_Kushoto (Nakuru)

Mwalimu, shikamoo. Mfano wa kikombe nitautumia, ukiniruhusu.

Nakubaliana nawe kuhusu skrubu ile, kwa sababu nami niliikuta imelegea katika gari la kijana mmoja hapa kwetu, la mtengenezaji tofauti kabisa. Lakini kuhusu mabadiliko, naona hatukuelewana vizuri, na kosa ni langu kwa kutofafanua. Sikusema gari lisiguswe. Gari lililo tayari la umbo la lori limesimama juu mno kwa ovali. Ukiliingiza kwenye kona ya kushoto kwa kasi, uzani wote unaelemea kulia, gurudumu la ndani linanyanyuka, na gari linalalia ubavu wake wa kulia. Nililiona likitokea mara tano katika mbio moja. Ni lazima lishushwe, na kulishusha hakuhitaji kipuri cha nje: tunafungua springi, tunakata kipande cha milimita 8 cha mrija wa petroli wa pikipiki, tunakivisha kwenye fimbo ya ndani ili isitoke yote, na gari linakaa chini. Mrija wa shilingi hamsini unatosha magari matatu. Kisha tunahamisha uzani upande wa kushoto, na kama gari lina difu, tunaijaza grisi nzito ili magurudumu ya nyuma yasiachane sana. Hayo matatu pamoja na matairi ndiyo ninayotaka yaruhusiwe. Mota, kidhibiti mwendo na idadi ya meno ya gia vibaki kama vilivyotoka sandukuni.

Ninaisisitiza mota kwa sababu hapo ndipo darasa la wanaoanza hufia. Mmoja huleta mota isiyo na kaboni, anashinda wiki mbili mfululizo, wa pili anaagiza kama hiyo, na wa tatu, ambaye ana karo ya watoto, anakaa nyumbani. Hata huko Marekani madarasa yaliyoanza kwa gari la sandukuni yalipanda gharama mwaka baada ya mwaka kwa njia hii, hadi viwanja vikalazimika kuanzisha upya darasa la chini lenye kanuni kali zaidi. Mota ya kaboni ya gari la kwanza inatosha kabisa kwa uwanja wa mita 57. Sisi huuzunguka kwa sekunde nane hivi, na katika mbio za dakika nne dereva mzuri hukamilisha mizunguko thelathini. Anayefikiri kwamba huo ni mwendo mdogo namkaribisha ashike rimoti huku magari matano yakiingia kona moja.

Mama_Milimani (Nakuru)

Hamjambo wote. Mimi si dereva, ni mzazi wa dereva. Binti yangu ana miaka kumi na tatu, naye ndiye aliyeniambia nisome uzi huu.

Tulianza vibaya, na ninaeleza ili mzazi mwingine asipite tulikopita. Gari la kwanza tulilinunua dukani hapa mjini. Tuliambiwa kwamba ni gari la mashindano lililo tayari, na picha ya sanduku ilionyesha hivyo. Kumbe lilikuwa kichezeo. Usukani wake ulikuwa na hali tatu tu, yaani kushoto kabisa, kulia kabisa na katikati, bila chochote baina yake. Kipokezi, kidhibiti mwendo na saketi ya usukani vyote vilikuwa kwenye ubao mmoja, na ubao ulipoungua gari zima likawa takataka. Hakuna aliyetuambia kwamba gari la mchezo lenyewe hujulikana kwa kuuzwa vipuri vyake kimoja kimoja. Naomba kanuni zenu zianze na sentensi hiyo, kwa sababu neno «tayari» limeandikwa kwenye masanduku ya aina zote mbili.

Gari la pili lilikuwa sahihi, lakini betri ikatutia hofu. Muuzaji alituuzia betri ya litiamu ya seli mbili bila kutuambia kwamba kidhibiti mwendo kina mpangilio wa aina ya betri, na kwamba kilitoka kiwandani kikiwa kimepangwa kwa betri za kawaida za nikeli. Binti yangu aliliendesha mpaka likasimama lenyewe. Jioni betri ilikuwa imevimba kama chapati iliyoingiwa hewa. Tuliitoa nje ya nyumba na kuiweka kwenye ndoo ya mchanga, nami sikulala vizuri usiku ule. Fundi mmoja wa simu ndiye aliyetueleza kwamba kila seli haipaswi kushuka chini ya volti 3, kwamba ikijaa huwa volti 4.2, na kwamba betri isiyotumika huwekwa ikiwa kwenye volti 3.8 hivi. Mambo haya matatu ningeweza kuyafuata tangu siku ya kwanza kama yangeandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi moja.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: je, ni lazima kila mgeni anunue gari? Binti yangu alipenda mchezo huu baada ya dakika tano za kushika rimoti ya mtu mwingine.

Fundi_Bondeni (Nakuru)

Mama ameuliza lake, nami nina langu la kuongeza. Mimi huchora matatu, na hawa ndugu huniletea bodi za magari yao. Bodi ya plastiki ile ngumu hupakwa rangi kwa ndani, na kazi inakwenda kinyumenyume: maandishi na michoro midogo kwanza, rangi kuu mwishoni. Ukitumia rangi ya kawaida ya kupulizia, inabanduka siku ya kwanza gari likigonga ubao.

Nasema hivi kwa sababu magari yanayokuja tayari huja na rangi za kiwandani zinazofanana, na magari manane yanayofanana hayawezi kutambulika kutoka mita ishirini, si kwa dereva wala kwa anayehesabu mizunguko. Acheni rangi ya bodi iwe ya kuchaguliwa na mwenye gari. Watoto wa mtaani kwetu hawalijui jina la mtengenezaji yeyote, lakini gari lililochorwa kama matatu yao wataliendea mbio hadi Lanet kulitazama.

Lurambi_Mhesabu (Kakamega)

Samahani kwa kuingilia kati. Sisi tuna uwanja wa nyasi tu, na mvua karibu kila alasiri. Je, ovali inawezekana kwenye nyasi? Na pale pasipo na stima, mnachaji vipi?

Kona_Kushoto (Nakuru)

Ndugu wa Lurambi, karibu. Kwenye nyasi fupi inawezekana kwa magari yenye matairi makubwa, lakini nywele za nyasi hujisokota kwenye ekseli na kuua beringi, kwa hiyo utayasafisha kila baada ya mbio. Ningeparua nyasi kwenye njia ya mita mbili na nusu na kuacha katikati kama palivyo. Kibarua mmoja mwenye jembe humaliza kwa siku mbili. Kimbieni asubuhi. Kuhusu stima, chaja nyingi za mchezo huu hukubali umeme wa volti 12, hivyo betri ya gari inatosha kwa madereva wanne kwa asubuhi nzima. Magari yetu ya umeme yana faida nyingine huku nyanda za juu: Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, na injini ndogo za mafuta hulazimika kurekebishwa kabureta kwa sababu ya hewa nyepesi, ilhali mota ya umeme haijali.

Mama Milimani, swali lako limenifanya niibadilishe hoja yangu ya mwanzo, na ninalikiri mbele ya wote. Nimekuwa nikifikiri juu ya gari la mgeni kama jambo la mgeni mwenyewe. Sasa naona kwamba gari la kwanza linapaswa kuwa letu. Tukichanga sisi watano, tununue magari matatu ya aina moja yaliyo tayari, yakae kwenye sanduku uwanjani, na mgeni akija apewe moja akimbie mbio tatu za dakika nne dhidi ya wageni wenzake au dhidi yetu kwenye magari mengine mawili. Hatadaiwa kitu siku hiyo. Akitaka kuendelea, anunue gari la aina hiyo hiyo. Na kwa kuwa ni aina hiyo hiyo, vipuri vilivyo kwenye sanduku letu vitamfaa. Hapo ndipo gari lililo tayari linapolizidi la kuunganisha: linaweza kukabidhiwa mkononi mwa mtu asiyejua lolote, na dakika mbili baadaye anakimbia.

Mwalimu, sharti lako la kufungua na kufunga tunaliweka hapo anaponunua lake. Kabla ya mbio yake ya kwanza ya kuhesabiwa, atalifungua kwenye meza moja na mmoja wetu: skrubu ya gia ya mota, nati za magurudumu, mpangilio wa betri kwenye kidhibiti mwendo, na mrija wa pikipiki kwenye springi. Itachukua saa moja. Je, hilo linakutosheleza?

Mwalimu_Njoro

Linanitosheleza, ikiwa atalifunga yeye mwenyewe na ninyi mtashika tochi tu. Ninaongeza ombi moja: wanafunzi wangu waruhusiwe kukimbia na magari yao ya kuunganisha katika mbio za mwisho za siku, hata kama ni mawili peke yake. Sitaki waone kwamba waliojenga wameachwa nyuma na walionunua.

Kona_Kushoto (Nakuru)

Wameruhusiwa, Mwalimu, na wao ndio nitakaowaomba wakae kwenye ile meza ya kufungua na kufunga. Hakuna wageni watakaopata walimu bora zaidi.

Nyanza_Betri (Kisumu)

Sasa naona umbo la jambo hili. Kuhusu aina ya gari, nashauri tusiichague kwa uzuri wala kwa kasi. Tuichague kwa vipuri vitano: mikono ya mbele, gia kubwa ya plastiki, ekseli, beringi na mota ndogo ya usukani. Gari ambalo vipuri vyake hivyo vinaweza kuagizwa kwa wingi katika kifurushi kimoja, na ambalo kipokezi chake na kidhibiti mwendo ni vitu viwili vilivyotenganishwa, ndilo liwe letu, hata kama lina miaka kumi na mitano sokoni. Uzee wa muundo ni jambo jema hapa, kwa sababu vipuri vya gari lililouzwa kwa wingi kwa muda mrefu ndivyo vinavyopatikana kila mahali. Gari jipya lililobuniwa mahususi kwa ovali linanivutia sana, lakini likikatika mkono tutasubiri wiki zile zile kumi na moja.

Kisumu tutachangia gari moja. Tukikubaliana na Nakuru juu ya aina, sanduku la vipuri liwe moja, na litembee kwa matatu ya asubuhi kila baada ya mwezi.

Mama_Milimani (Nakuru)

Nimezungumza na binti yangu. Karatasi ya betri ataiandika yeye kwa Kiswahili, mimi nitaipitisha kwa yule fundi wa simu aikague, kisha nitaitoa nakala thelathini. Jumamosi tutakuja na ndoo ya mchanga na betri ya gari. Tafadhali mtuambie saa.

Kona_Kushoto (Nakuru)

Saa tatu asubuhi, Mama, kabla upepo haujaanza kupeperusha vumbi. Uwanja utakuwa umeshamwagiwa maji tangu saa kumi na mbili. Fundi wa Bondeni, nawe njoo na ile bodi ya bluu, nimeipatia gari.